Seva ya printa kwa ofisi: ipi ununue, na mtandao uuandae vipi kwanza

Printa ikipotea kwenye kompyuta za ofisi kila baada ya siku chache, mara nyingi kosa si la printa. Ruta imeipa anwani mpya, na kompyuta bado zinabisha hodi kwenye ile ya zamani. Kwa hiyo anza na ruta; dukani utaenda baadaye kutafuta seva ya printa, yaani kifaa kinachopokea kazi za kuchapisha kutoka kompyuta zote na kuzipeleka kwenye printa.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta uone DHCP (huduma inayogawia vifaa anwani) inagawa anwani kutoka wapi hadi wapi. Tuseme ruta ni 192.168.1.1, maski (inayoonyesha ukubwa wa mtandao) ni 255.255.255.0, na namba ya mwisho ya anwani kwenye mgao inaanzia 2 hadi 254. Hapo hakuna nafasi iliyobaki kwa kifaa cha kudumu. Punguza mgao uanzie 100 na kuishia 200, kisha 10 hadi 20 ziwe za printa na seva. Kabla ya kuitumia 192.168.1.10, ipigie ping (swali la kama kuna kifaa hapo) kwenye dirisha la amri la kompyuta, halafu andika `arp -a`, upate orodha ya vifaa ambavyo kompyuta imeviona. Vifaa vingine havijibu ping, lakini kwenye orodha ya arp huonekana. Anwani moja ikishikwa na vifaa viwili, kazi hupita asubuhi na kukwama mchana, na utadhani draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa) imeharibika.

Anwani ya kudumu unaweza kuiandika ndani ya printa yenyewe, au kuihifadhi kwenye ruta kwa namba ya MAC (utambulisho wa kifaa wa kiwandani) iliyo kwenye stika au kwenye ukurasa wa mipangilio unaochapishwa na printa. Sisi tunapendelea kuihifadhi kwenye ruta, kwa sababu printa ikirudishwa kwenye hali ya kiwandani bado itapata anwani ileile. Ruta nyingine hukubali tu namba iliyo ndani ya mgao; ukikutana nayo, ifuate. Ukiona printa ina anwani inayoanza na 169.254, haijapata chochote kutoka DHCP: kagua waya na swichi kwanza.

1. Printa yenye tundu la Ethernet

Kwa ofisi ndogo, hiki ndicho cha kununua, maana seva iko ndani ya printa tayari. Hakikisha inatumia IPP, njia ya kawaida ya kuchapisha kupitia mtandao. Alama za AirPrint au Mopria (mifumo ya kuchapisha bila draiva maalumu) kwenye boksi ni dalili nzuri. Mwaka 2023 Microsoft ilitangaza kwamba itaacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za watengenezaji kupitia Windows Update na kuegemea IPP, hivyo printa isiyoijua itazidi kukusumbua kadiri miaka inavyokwenda. Usikubali yenye Wi-Fi peke yake kama waya unaweza kufika. Waya wa Cat5e unatosha, mradi usizidi mita 100 hadi kwenye swichi.

Unapoiunga kwenye Windows, usibonyeze tu jina linalojitokeza. Mara nyingi hilo huunda poti ya WSD (njia ya Windows ya kugundua vifaa yenyewe), ambayo huonyesha printa iko nje ya mtandao hata inapowaka. Ongeza kwa mkono, chagua anwani ya TCP/IP, poti 9100. Windows ikiendelea kudai printa haipo huku ping inajibu, fungua mipangilio ya poti hiyo uondoe tiki ya SNMP (njia ya kuuliza hali ya printa).

2. Kompyuta ndogo yenye CUPS

CUPS ni programu ya kusimamia uchapishaji kwenye Linux. Inafaa pale printa ina USB tu, au unapotaka foleni moja na kumbukumbu ya nani kachapisha nini. Raspberry Pi 4 yenye chaja ya volti 5 na ampea 3 inaimudu kazi hii. Mtego uko kwenye draiva: watengenezaji wengi hutoa draiva za Linux kwa prosesa za x86 (za kompyuta za kawaida) pekee, na Pi hutumia aina nyingine, ARM. Tafuta modeli ya printa yako kwenye orodha ya draiva kabla hujalipa. Isipokuwepo, kompyuta kuukuu ya mezani ni bora kuliko Pi mpya.

Baada ya kusakinisha CUPS, jiweke kwenye kundi la lpadmin (la wanaoruhusiwa kusimamia printa), kisha andika `sudo cupsctl --share-printers` ili kushiriki printa, na kwenye fayawoli ruhusu poti 631 kwa mtandao wa ndani tu. Poti hiyo isifunguliwe kamwe kwa intaneti. Mwaka 2024 yaligunduliwa matundu ya usalama kwenye cups-browsed, programu inayotafuta printa za mtandao yenyewe. Kama huitumii, izime.

Kompyuta ya Windows ya kawaida nayo inaweza kuwa seva, lakini Windows 10 na 11 hukomea miunganisho 20 kwa wakati mmoja, na mashine ikilala ofisi nzima husimama. Pia tangu masasisho ya 2021 yaliyofuata PrintNightmare (tundu la usalama kwenye uchapishaji wa Windows), kwa mipangilio ya kawaida mtumiaji asiye na haki za msimamizi hawezi kusakinisha draiva kutoka seva. Panga nani atapita kwenye kila meza.

3. Kisanduku cha kugeuza USB kuwa Ethernet

Ni kidogo na hakina makelele, ila kinachagua printa. Zile za bei rahisi zinazotegemea kompyuta kuchora ukurasa mara nyingi hukigomea, na skana ya printa ya kazi nyingi hufa kabisa. Kinunue kwa printa rahisi ya maandishi, na pale tu modeli imetajwa kwenye orodha yake.

4. Tundu la USB la ruta

Kwa mtu mmoja au wawili, sawa. Ukiwa nalo tayari, lijaribu. Usinunue ruta kwa ajili yake.

Wanaochapisha kwa simu wasiwe kwenye Wi-Fi ya wageni: huko vifaa hutengwa, na printa haitaonekana. Ukimaliza, zima ruta, swichi na printa, ziwashe upya, kisha chapisha ukurasa mmoja kutoka kompyuta mbili tofauti. Moja ikikwama, linganisha anwani iliyo kwenye poti yake na ile inayoonyeshwa na printa.