TAHADHARI: Lile tangazo la "kisiwani siku nne kwa 185,000" limerudi

Jamani wa Kigoma, na nyie wa Tabora mnaopanga kushuka na treni mje mpunge upepo wa ziwa: lile tangazo la safari ya kisiwani siku nne kwa shilingi 185,000 limerudi. Nimeliona juzi. Jina la ukurasa jingine, namba ya simu nyingine, ila maneno ni karibu yaleyale mpaka makosa ya herufi. "Tunaodoka saa 12 kamili", bila n, kama walivyoandika mwaka 2024. Hilo kosa nalijua kwa sababu tangazo lile nimelisoma labda mara mia tangu linilize, nikitafuta ni wapi nilitakiwa kushtuka nisishtuke.

Na niseme mapema: mimi ni mtu wa Ujiji, nimezaliwa nalisikia ziwa. Sikutapeliwa kwa ugeni.

Tulikuwa wanawake saba wa kikoba kimoja. Tulivunja mwezi wa sita, kila mtu akashika gawio lake, mmoja wetu akasema mwaka huu hakuna vitenge wala masufuria, twendeni mahali tukalale, tupikiwe, turudi. Gombe wengine walishaenda tangu wanasoma. Tukataka kisiwa. Sasa anayelijua Ziwa Tanganyika anajua kwamba upande wetu visiwa si vya kuchagua kama wenzetu wa Victoria. Vinavyotajwa ni vile vidogo vya kusini, mbele ya Kipili, huko Nkasi mkoa wa Rukwa. Zamani ungepanda meli ya Liemba, ukalala humohumo na magunia ya dagaa, ukashushwa Kipili na mitumbwi inayokuja kupokea watu katikati ya maji. Lakini Liemba ilikuwa imesimama miaka, ikisubiri matengenezo. Kwa hiyo tulikuwa na hamu, tuna hela, usafiri wa maji hatuna. Tangazo likatukuta hapo.

Lilisema hivi: kuondoka Alhamisi ya Nane Nane, kurudi Jumapili, usafiri wa boti, mahema, milo mitatu, "migebuka fresh kutoka kwa wavuvi" na "usiku kuangalia taa za wavuvi wa dagaa zikimetameta kama mji". Picha nne. Mchanga mweupe, maji ya kijani, mtumbwi umelala pembeni, msichana kavaa kofia kubwa. Bei 185,000 kwa kichwa, watoto nusu.

Sasa nisomeeni vizuri hapo. Mwaka ule serikali ililifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Miezi mitatu. Hakuna asiyejua Kigoma nzima, tulikuwa tunakula maharage mpaka watoto wakawa wanauliza mgebuka umehamia wapi. Soko la Mwanga meza za samaki zimebaki mbao. Halafu mtu ananiahidi migebuka na taa za dagaa tarehe 8 Agosti, wiki nzima kabla ziwa halijafunguliwa, nami nasema "ehee, hiyo ndiyo safari". Nilikuwa sokoni kulalamikia bei ya nyama asubuhi, jioni namtumia tapeli pesa ya mgebuka. Tamaa ya kupumzika haina macho.

Kitu cha pili ni mwendo. Aliandika kwamba tunaondoka saa 12 asubuhi, "saa 3 tupo kisiwani tunakunywa chai". Kipili iko kama kilomita 300 kusini mwa Kigoma ukipima kwa ramani. Kwa saa tatu, boti hiyo ingekimbia kilomita 100 kwa saa, na mahema, na masufuria, na wanawake saba wenye miili yao. Hata Mahale tu, ambako bado hujafika nusu ya njia ya kwenda Kipili, boti ya mbao haikufikishi kwa muda huo. Na Kibirizi, tulikoambiwa tupandie, ni kituo cha boti za watu wa kaskazini: Gombe, Mwamgongo, Kagunga. Nilimuuliza hilo, kwa kweli nilimuuliza. Akanitumia ujumbe wa sauti, sauti ya upole, lafudhi ya pwani: "Dada yangu, sisi tuna boti ya kisasa, injini mbili, usiwe na wasiwasi kabisa." Nikaondoa wasiwasi.

Malipo yakaenda kwa hatua, na hapa ndipo nataka mkae, kwa sababu mtindo ndio huohuo wanaoutumia sasa. Kwanza alitaka asilimia 60 "kushika nafasi", nafasi zimebaki tisa. Hiyo ni 111,000 kwa mtu, saba tukatuma 777,000. Nilipobonyeza, jina lililotokea kabla sijaweka namba ya siri lilikuwa la mwanamke. Nikasita, nikampigia. "Huyo ni mhasibu wetu, mama." Nikamalizia. Dakika kumi baadaye ikaja risiti imepigwa muhuri wa duara, ina nembo ya twiga, inapendeza. Baada ya siku nne akasema kila abiria anatakiwa kuweka 15,000 ya jaketi la kuokolea, inarudishwa mkishuka. Kama ni usalama nani atabisha? Tukatuma 105,000.

Siku mbili kabla ya safari akaja na la tatu: kibali cha serikali cha kulala kisiwani, 20,000 kila mmoja, "mlipe wenyewe kwa kontroo namba ili mjue ni halali". Akatuma namba. Ilikuwa na tarakimu saba. Mdogo wangu, ambaye analipia ada chuoni kila muhula, akaiangalia mara moja tu akasema, "Dada, kontroo namba zina tarakimu kumi na mbili na zinaanza na 99. Hii ni lipa namba ya duka." Nilihisi tumbo limeshuka. Lakini hata hapo sikusema tumeibiwa. Nilijiambia kakosea kuandika. Mtu akishatoa 882,000 ya wenzake anakuwa wakili wa tapeli, anamtetea kuliko anavyojitetea mwenyewe.

Hiyo 20,000 hatukuilipa. Alhamisi saa 11 alfajiri tulikuwa Kibirizi, na mabegi, na mmoja kabeba jiko la gesi kwenye kanga. Simu inaita haipokelewi. Saa 12 na nusu haiiti tena. Saa 2 tumekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, hakuna anayemwangalia mwenzake, na mimi ndiye niliyekusanya pesa.

Kulikuwa na mzee mmoja anaziba nyufa za mtumbwi wake, ndio kazi waliyokuwa nayo wavuvi kipindi kile. Akatuuliza tunamsubiri nani. Nikamwonyesha tangazo kwenye simu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema, "Mwanangu, huu mtumbwi una mbawa."

Nikaangalia. Kweli, ubavuni una magogo mawili yaliyoshikwa na miti, huku moja na huku moja.

"Hiyo ni ngalawa," akasema. "Ngalawa ya bahari. Hapa umeshaiona wapi? Na angalia, imekaa juu ya mchanga mbali na maji, mchanga wenyewe mbichi. Hayo ni maji ya kupwa. Ziwa letu linakupwa?"

Halina kupwa. Ziwa lina mawimbi, lina upepo wa kusini unaotisha miezi hiyohiyo, lakini asubuhi na jioni maji yako palepale. Nyuma ya yule msichana wa kofia kulikuwa hata na mikoko. Mwanangu alipoitafuta ile picha mtandaoni ikamletea Mafia. Bahari ya Hindi! Mtu katuuzia Mafia akaibandika Nkasi, na wenyeji wa ziwa tukainunua.

Polisi tulikwenda siku hiyohiyo, tukafunguliwa jalada, tukapewa RB, ile namba ya jalada. Mtandao wa simu wakasema pesa ilishatolewa yote, ya kwanza ilitolewa dakika chache tu baada ya kuingia. Ile laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mama mmoja wa mkoa mwingine kabisa, ambaye aliwahi kuweka kidole kwa wakala wa barabarani akaambiwa "haijasoma mama, rudia", kumbe anasajiliwa laini nyingine. Kwa hiyo na nyie pigeni *106# mwone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Pesa yetu haijarudi. Wenzangu nimewalipa wanne kidogo kidogo, wawili walikataa kupokea, wakasema tuliliwa wote.

Kwa wanaotaka kisiwa kweli, na bajeti ni ndogo, njia ipo ila haina raha ya tangazo. Ni barabara: basi mpaka Mpanda kupitia Uvinza, kisha Namanyere, kisha gari za kushuka Kipili. Nauli ulizeni stendi, zinabadilika. Ukifika, kisiwa unakiona kwa macho, boti unaiona kwa macho, unapatana na mwenye boti akiwa amesimama mbele yako, na unamlipa nusu ya kwenda, nusu ya kurudi. Mimi na wawili kati ya wale saba tulikwenda hivyo mwaka uliofuata. Tulichoka njiani vibaya sana, vumbi mpaka kwenye meno, na nilifurahi kuliko nilivyotegemea. Asiye na siku za njia hiyo asidanganywe kwamba kuna mkato. Akae Kigoma, aende Gombe siku moja, au ashinde Katonga na familia, mgebuka wa kuchoma upo, ziwa ni hilohilo.

Wakala wa safari mwombeni mambo mawili tu kabla ya senti moja: jina la kampuni mliangalie BRELA, wanaosajili kampuni, na leseni ya biashara ya utalii inayotolewa na Wizara ya Maliasili. Halali hakasiriki ukimwomba. Yule wetu nilimwomba leseni kwa utani, akanijibu "dada hutuamini?" na kiuso cha kulia. Jaketi la kuokolea hulipii dhamana popote, boti ya abiria inatakiwa iwe nayo, basi. Na ukiambiwa ni malipo ya serikali, hesabu tarakimu.

Aliyekwisha kutuma kwa hili tangazo jipya: piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi, usingoje kumbembeleza tapeli kwanza, halafu peleka ile meseji yake kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, halafu polisi. Skrinishoti zote zitunze, pamoja na jina lililotokea wakati unatuma. Mimi nilifuta mazungumzo kwa hasira, nikaja kuyatafuta kwa machozi kwenye simu ya mdogo wangu.

Bei ya sasa wameipandisha kidogo, 195,000, na safari hii wanasema wanaondokea Ujiji, nadhani kuna mtu aliwaambia Kibirizi ni kaskazini. Picha ya msichana wameitoa. Ile ya mtumbwi wameiacha, wameigeuza tu kama kwenye kioo, kushoto imekuwa kulia. Ikuze kwa vidole viwili, utaziona mbawa.