TT imeisha kituoni: Td au Tdap?

Umechomwa na msumari, unafika zahanati, unaambiwa TT, yaani chanjo ya pepopunda, imeisha. Usirudi nyumbani, uliza kama kuna Td. Hiyo inakinga pepopunda na dondakoo kwa pamoja, na tangu 1998 Shirika la Afya Duniani linashauri itumike badala ya TT. Ulizia hata kliniki ya wajawazito.

Tdap inaongeza kinga ya kifaduro, ila bei yake huwa juu kuliko Td. Kwa mjamzito anayeimudu ningechagua Tdap, maana kinga hiyo humfikia mtoto tumboni. Kwa kidonda cha leo, Td inatosha kabisa.

Osha jeraha kwanza kwa maji mengi na sabuni. Kama hujawahi kuchanjwa, mwambie daktari: huenda ukahitaji pia sindano ya kingamwili, yaani kinga iliyo tayari dhidi ya pepopunda.