Mpapindi au mpopoo uani?

Kwa ua mdogo wa Chake Chake, mimi nachagua mpapindi. Ni mti wa jamii ya mnazi, wa Pemba hasa, asili yake msitu wa Ngezi. Huchipua mashina kadhaa pamoja, kila moja na pete zake, ukaziba dirisha la jirani bila ukuta. Wapenzi wa miti hii huko Florida kusini, Marekani, nao wanauotesha, ila jalidi hauiwezi. Tafuta mche wa kitalu. Ngezi usichimbue, ni hifadhi.

Mpopoo, nao wa jamii ya mnazi, hupanda shina moja, jembamba, mrefu hasa. Faida yake popoo, kokwa zinazotafunwa pamoja na tambuu: watafunaji wapo. Lakini kuti lake likidondoka na ala yake, usiwe umeegesha gari chini.

Miche ya yote miwili hutaka kivuli na unyevu. Kule maweni, kwenye ardhi ya mawe, mwagilia sana.