Sigma 17-50mm f/2.8 kwa kazi za Mtwara na Lindi: uzoefu wangu

Naanza na hukumu ili asiye na muda asizungushwe. Kama una Canon yenye sensa ndogo (sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha), yaani 700D, 60D, 70D, 80D, 7D na ndugu zao, na kazi zako nyingi ni harusi, singo, ngoma na picha za mitaani, basi Sigma 17-50mm f/2.8 EX DC OS HSM ndiyo lenzi ambayo ningeiacha kwenye kamera mwaka mzima. Namba ya f/ ni ukubwa wa tundu la mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kama kazi yako ni mpira pale Nangwanda Sijaona, au majahazi yakiwa katikati ya maji, usiinunue. Utabaki kukata picha kwenye kompyuta mpaka zibaki chengachenga.

Wengi wakitafuta lenzi ya kila siku huuliza inavuta mpaka wapi. Kwa kazi za huku swali la kwanza ni inaanzia wapi. Sensa ya kamera hizi ina upana wa karibu mm 22.3, na hesabu ni nyepesi: chukua umbali uliopo, zidisha kwa 22.3, gawanya kwa mm za lenzi (ndogo huona kwa upana, kubwa huvuta). Bibi harusi amekaa sebuleni, akina mama wamemzunguka, nawe umebana mgongo ukutani mita 3 kutoka alipo. Kwa mm 17 unapata upana wa karibu mita 3.9. Kwa mm 18 unapata 3.7. Kwa mm 24 unapata 2.8 tu, na shangazi wawili wa pembeni wameshakatwa mabega. Ndiyo maana simshauri mtu mwenye kamera hizi anunue Canon 24-105mm f/4L kwa kuwa tu imeandikwa L, alama ya lenzi za daraja la juu za Canon, na ina mstari mwekundu. Kwenye sensa kubwa ni lenzi nzuri ya kila siku, lakini hapa inaanza kama mm 38 za sensa kubwa na kila chumba kinageuka kifinyu.

Upande wa pili wa hesabu hiyohiyo unaonyesha udhaifu wake. Ngalawa iliyo mita 40 kutoka ufukweni, kwa mm 50 utaona upana wa karibu mita 18, yaani ngalawa na bahari tele. Kwa mm 135 unapata mita 6.6, ngalawa imejaa fremu. Hapo Canon 18-135mm f/3.5-5.6 IS STM inaishinda Sigma bila ubishi.

Kabla hujatoa hela, fungua picha zako 200 za mwisho kwenye kompyuta au simu, usome taarifa za kila picha zilipigwa kwa mm ngapi. Zikiwa nyingi kati ya 18 na 50, jibu umelipata. Zikirundikana kwenye 55, mwisho wa lenzi iliyokuja na kamera, ujue unahitaji urefu kuliko mwanga.

Sasa mwanga, ambao ndio sababu ya kubeba gramu 565 badala ya gramu 205 za 18-55mm IS STM, ile inayokuja na kamera. Lenzi ile ya kawaida ukiivuta mpaka mwisho tundu lake linafika f/5.6. Sigma inabaki f/2.8 kuanzia 17 mpaka 50. Tofauti ni hatua mbili, yaani mwanga mara nne. Picha ya chini ya turubai saa tatu usiku inayodai ISO (kiwango cha kamera kukuza mwanga) 12800 kwa f/5.6, hapa unaipiga kwa ISO 3200. Kwenye 700D hiyo ndiyo tofauti kati ya uso wenye ngozi yake na uso uliojaa chembechembe, na maandishi ya kanga yanasomeka.

Lakini f/2.8 ina masharti. Ukiwa mm 50, mita 2 kutoka kwa mtu, kina kinachoonekana kikali ni kama sentimita 17 tu. Bwana harusi akisimama nusu hatua nyuma ya mkewe, mmoja wao atafifia, na hakuna programu ya kumrudisha. Kwa watu wawili naweka f/4, kwa kundi la safu mbili au tatu f/5.6. Ukiwa mm 17 umbali uleule, kina kinaanza karibu mita 1.5 mpaka 3.1, hivyo hapo f/2.8 haina hatari kubwa.

Kuhusu ukali wenyewe: katikati ya picha lenzi hii ni kali tangu f/2.8. Pembe kwa mm 17 ni legelege mpaka ufike f/5.6. Kwenye harusi hakuna anayetazama pembe. Kwenye majengo ya Mikindani, milango ya nakshi na Boma la Wajerumani la 1895, utaona, basi funga tundu mpaka f/8. Usipite f/11 ukidhani unaongeza ukali, kwa sababu mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana hutawanyika na picha nzima hulainika.

Kidhibiti mtikisiko, zile herufi OS, kiwandani wanasema kinaokoa hatua nne. Kwangu mm 50 kwa shata (muda wa kupokea mwanga) ya sekunde 1/15 inatoka safi mara nyingi kama kitu hakitembei: nguzo na kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, kinyago cha mpingo mezani. Mtu anayecheza ni habari nyingine. Kidhibiti kinatuliza mkono wako, hakitulizi kiuno cha mcheza sindimba. Kwa ngoma anza na 1/250, miguu ikienda kasi 1/500, na ISO ipande tu. Kamera ikiwa juu ya stendi, zima OS, maana inaweza kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta.

Mistari myeusi kwenye picha za ukumbini msiilaumu lenzi. Umeme wetu ni hezi 50, taa nyingi hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Weka shata 1/100 au 1/50, mistari mingi itaondoka.

Fokasi, yaani kulenga ukali, ndiyo sehemu ambayo sijaipenda. Mota yake ni ya HSM, mota ya fokasi ya Sigma, lakini si ile inayokuruhusu kushika pete na kurekebisha wakati wowote. Mpaka usogeze swichi kwanza. Tena pete ya fokasi inazunguka yenyewe kamera inapotafuta, kwa hiyo vidole vikae kwenye pete ya kuvutia tu. Kwa video inasikika na inarukaruka. Anayelipwa zaidi kwa video kuliko picha, 18-135 ya STM, yenye mota tulivu ya Canon, itampa usingizi.

Sasa vumbi, chumvi na fangasi, mambo ambayo majaribio ya lenzi ya Ulaya hayayagusi. Sigma hii haina mpira wa kuzuia maji wala vumbi, na inaporefuka inavuta hewa ndani kama mvukuto. Barabara za vumbi jekundu kupanda Newala na Tandahimba, irudishe mm 17, sukuma kitufe cha kuifunga, halafu iweke kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi. Faida yake kubwa hapa ni kwamba huna haja ya kubadilisha lenzi porini. Kila unapobadilisha, sensa inakula vumbi, na madoa yake yanajitokeza kwenye anga ukipiga kwa f/11.

Ufukweni Msimbati, au kwenye boti ya kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, vaa filta ya UV ya mm 77. Rashasha la chumvi likikauka kwenye kioo, ukilifuta kavukavu unasugua kwa punje za chumvi. Puliza kwanza kwa pampu ya mkono, kisha futa na kitambaa laini chenye unyevu wa maji baridi yasiyo na chumvi, malizia na kitambaa kikavu. Mchanga ukiingia kwenye pete na ukasikia inakwaruza, acha kuzungusha hapohapo. Geuza lenzi ielekee chini, puliza. Usiku filta hiyo itoe, kwa sababu taa za mbele hujirudia kwenye picha kama vivuli vya kijani.

Fangasi hupenda unyevu, giza na hewa isiyotembea. Maana yake ni begi la kamera lililofungwa kabatini tangu harusi ya mwisho. Nyuzi zake hutanda ndani ya vioo kama utando wa buibui, na zikikaa hula rangi ya kinga ya kioo. Hata fundi akisafisha, alama inabaki. Dawa ni rahisi: ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye kifuniko kinachobana, gramu 200 hadi 300 za silika (punje za kunyonya unyevu), na kipimo kidogo cha unyevu. Kisome kati ya asilimia 40 na 50. Silika ya kubadilisha rangi ikigeuka, ikaushe kwa moto mdogo huku ukiikoroga mpaka rangi irudi, lakini usitumie sufuria ya chakula, hasa kwa ile ya bluu, ambayo rangi yake ni sumu. Na mchele msiweke jamani, unaacha unga kwenye pete.

Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, kioo kitapata ukungu. Liache begi limefungwa kwa dakika 20 hadi 30 nje kabla ya kulifungua. Kufutafuta hakusaidii, kioo kinalowa tena.

Kwa kuwa nyingi utakazokutana nazo ni mtumba, nyingine zikitumwa kwa basi kutoka Dar, jaribu hivi kabla ya kulipa. Vua vifuniko vyote viwili, mulika tochi kutoka nyuma, tazama mbele kwa pembe tofauti. Vumbi kidogo si kitu. Nyuzi au ukungu mweupe, rudisha. Kwa Canon tundu huwa wazi lenzi ikiwa mkononi, kwa hiyo utaona hadi ndani. Ifunge kwenye kamera, weka f/8, bonyeza kitufe cha kuonyesha kina cha picha, na utazame tundu likifunga na kufunguka bila kusita. Ukipata Err 01, safisha vile vishaba vya rangi ya dhahabu vya nyuma ya lenzi kwa kitambaa kikavu ujaribu tena. Ikirudi, achana nayo.

Kisha bandika gazeti ukutani, piga kwa mm 17 ukiwa umesimama sawasawa mbele yake. Pembe moja ikiwa legelege kuliko zingine tatu, kuna kioo kimehama, huenda lenzi ilianguka. Mwisho, fokasi: mm 50, f/2.8, mita 2.5 kutoka kwenye kitu chenye maandishi, picha kumi, kila moja ukifokasi upya. Rudia kwa skrini ya nyuma. Za skrini zikiwa kali na za kwenye kitundu cha jicho zikawa zimekosea upande uleule, tatizo linarekebishika kwenye menyu ya 70D, 80D, 7D au 50D. Kwa 700D na 60D menyu hiyo haipo, hivyo usichukue lenzi ya namna hiyo ukitumaini itajirekebisha.

Wenye Nikon, toleo lake lipo na hesabu inabadilika kidogo tu. Wenye Sony a6400 na kamera nyingine zisizo na kioo cha kurusha picha wasihangaike na hii. Sigma wana 18-50mm f/2.8 DC DN ya 2021, karibu gramu 290 na filta ya mm 55, lakini haina kidhibiti mtikisiko, na a6400 nayo haina ndani ya bodi. Kwa anayepiga usiku bila stendi, Tamron 17-70mm f/2.8 yenye kidhibiti, gramu 525, inafaa zaidi.