Yamaha AvantGrand N1X: piano isiyo na nyaya lakini yenye nyundo

Nilijifunza kupiga kinanda kanisani, kwenye kiibodi ya plastiki, na kwa miaka mingi niliamini kwamba piano kubwa ya ukumbini, ile yenye mfuniko mfano wa bawa, inatofautiana na kiibodi kwa uzito wa vibonye peke yake. Siku nilipoketi mbele ya piano kubwa ya kweli, noti kadhaa nilizokusudia kuzipiga kwa upole hazikutoka kabisa. Kibonye kilishuka hadi chini, nami nikasikia kimya. Tangu hapo, kila piano ya kielektroniki inayodaiwa kuwa na mguso wa piano kubwa huwa naijaribu kwa kimya hicho kabla ya kuisikiliza sauti yake.

Kimya hicho kina sababu. Katika piano, kidole hakiisukumi nyundo mpaka ikafika kwenye waya, kinairusha. Nyundo inapokaribia waya, mtambo huiachia, nayo humalizia safari yake peke yake, igonge na kurudi. Asiyeirusha kwa nguvu ya kutosha haipati sauti. Mpigaji huisikia hatua hiyo ya kuachiwa kama kikwazo chembamba karibu na mwisho wa safari ya kibonye, ambayo yote haizidi sana milimita 10, na humo ndani ya milimita hizo chache ndimo upigaji wa upole unamoamuliwa. Mwaka 1821 ilitolewa hataza ya mtambo wa Sébastien Érard, mtengenezaji wa piano wa Ufaransa, unaoiwezesha nyundo kurushwa tena kabla kibonye hakijapanda hadi juu, na piano kubwa za leo bado zinafuata wazo hilo.

Kiibodi za kawaida huiga haya kwa chuma kizito kilichofichwa chini ya kibonye, na pengine kwa kipande cha mpira kinacholeta kile kikwazo. N1X, piano ya kielektroniki ya Yamaha iliyotoka mwaka 2019, haikufuata njia hiyo. Ndani yake mna mtambo wa piano kubwa: vibonye vya mbao, egemeo la kila kibonye lililo mbali nyuma, na nyundo zinazorushwa kweli, isipokuwa hakuna waya wa kugongwa. Vihisi vya mwanga husoma mwendo bila kugusa kitu, kisha kompyuta hutoa sauti iliyorekodiwa kutoka piano mbili za ukumbini: CFX ya Yamaha na Imperial ya Bösendorfer ya Vienna, ile yenye vibonye 97 badala ya 88. Kwa hiyo jina la piano mseto linaifaa, ingawa si mseto wa mchele na choroko usioweza kutenganishwa; hapa mpaka unaonekana wazi, kwani hadi kwenye nyundo kila kitu ni mbao, na baada ya nyundo kila kitu ni hesabu.

Niliipiga katika duka ambamo iliwekwa hatua chache kutoka piano kubwa ya kweli, nikawa nahama kiti baada ya kiti. Kimya kilikuwepo. Kibonye nilichokishusha polepole hakikutoa sauti, na kikwazo cha kuachiwa nyundo kilikuwa chembamba kama kwa jirani yake. Kurudiarudia noti moja kwa vidole viwili kulikwenda bila kukwama. Kilichonifurahisha zaidi ni kupiga ndani kabisa, kati ya vibonye vyeusi, mahali ambapo kiibodi nyingi huwa ngumu kama mlango unaosukumwa karibu na bawaba. Hapa mkono haukulazimika kuongeza nguvu, kwa sababu kibonye ni kirefu kuliko sehemu inayoonekana.

Jambo moja, hata hivyo, limefanywa vizuri zaidi na Kawai, kampuni nyingine ya piano ambayo makao yake yako Hamamatsu, Japani, kama Yamaha. Katika piano kubwa, kibonye hunyanyua pia kizima sauti kinacholala juu ya waya, na ukikanyaga pedali, vizima sauti vyote huinuka na vibonye huwa vyepesi kidogo. Kawai wameuweka mtambo huo wa vizima sauti ndani ya piano mseto yao, Novus NV10, na mguu hutambua tofauti mapema kuliko sikio. Kwa mpigaji wa nyimbo za ibada anayetumia pedali kwa kufuata mazoea, huenda hili si kubwa. Kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani atakaoufanya kwenye piano kubwa, ningelihesabu.

Sauti ndiyo inayofichua kwamba hii si piano kubwa. Piano kubwa ina nyaya zipatazo 230 zilizovutwa kwa mkazo wa takriban tani 20, na ubao wa sauti unaotikisika mpaka mpigaji anahisi noti nzito kwenye vidole na magoti. N1X ina spika. Ni spika nzuri, lakini sauti inatoka mahali fulani, haikuzunguki. Mfumo wa kutikisa vibonye na pedali umewekwa kwenye N3X, ndugu yake mkubwa na wa ghali zaidi. Ajabu ni kwamba nilipovaa hedifoni pengo lilipungua sana, kwa kuwa sauti ya CFX imerekodiwa kwa maikrofoni zilizowekwa pale yalipo masikio ya mpigaji. Anayeishi ghorofani asisahau tu kwamba nyundo zinaendelea kugonga kizuizi chao, na jirani wa chini ataisikia mbao hata kama hasikii muziki.

Bei yake iko karibu na ya piano mpya ya wima iliyo nzuri, nayo N1X inaipita wima hiyo kwa sauti, isipokuwa kwa mtu mwenye fundi wa kuitunza wima yake. Kwa anayekaa Dar es Salaam au Mombasa, ambako unyevu wa bahari huvuruga sauti za piano na mafundi wa kuzipanga sauti ni wachache, kukosa nyaya ni nafuu kubwa. Lakini mbao na vitambaa vya sufu vilivyomo ndani ya mtambo hunywa unyevu uleule, kwa hiyo chumba kikavu na fundi wa kurekebisha mtambo bado vinahitajika. Na umeme ukikatika katikati ya wimbo, zitabaki nyundo zikigonga bila sauti.