TAHADHARI: Kiwanja kimoja kimeuzwa kwa watu wanne, upande wa Chanika

Ndugu zangu mnaotafuta viwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, someni hili kabla hamjatoa hata kishika uchumba.

Mwezi wa pili nilinunua kiwanja cha mita 20 kwa 25 upande wa Chanika kwa shilingi milioni 7. Milioni 5 kati ya hizo zilikuwa za mdogo wangu wa kike, jasho la miaka mitatu ya kazi za ndani Muscat. Wiki iliyopita nilipeleka matofali, nikakuta mafundi wameshachimba msingi. Nikadhani wamekosea mpaka. Mwenye msingi alipokuja na karatasi zake, muuzaji ni yule yule, namba ya kiwanja ile ile, na muhuri wa serikali ya mtaa unafanana na wangu. Yeye alinunua mwezi wa nne. Mpaka jana tumeshafika wanne.

Muuzaji huyu anatanguliza dalali. Kuonyeshwa kiwanja ni Jumamosi au Jumapili tu, siku ambazo ofisi za ardhi zimefungwa. Unakuta kiwanja kimefyekwa, bikoni (alama za mipaka) zipo. Pembeni kuna mama anapalilia mihogo, anakukaribisha vizuri: "Karibu jirani, huyu mzee tunamfahamu miaka mingi." Nimekuja kujua kwamba mama huyo haishi pale na mihogo si yake. Ukiuliza hati, unaambiwa iko kwa Kamishna wa Ardhi inashughulikiwa, unapewa nakala ya mchoro wa mipango miji. Mara simu ya muuzaji inaita, mteja mwingine yuko njiani na fedha mkononi. Benki hataki kupita, anasema makato ni makubwa. Kwa kuogopa kukikosa, nikalipa taslimu siku ile ile.

Kilichonipa moyo wa kulipa ni ule muhuri, na hapa ndipo tunapoumia wengi. Mwenyekiti wa mtaa akisaini, anashuhudia tu kwamba mlikaa mkauziana mbele yake. Muhuri wake hauthibitishi kwamba ardhi ni ya muuzaji, hata ukiwa umelipa ile asilimia 10 ya bei inayoombwa mitaa mingi. Mchoro nao unaonyesha eneo limepangwaje, hausemi ni la nani. Wa kwangu ulikuwa hauna hata saini ya kuidhinishwa, na sikuangalia.

Kiwanja kikiwa kimepimwa, chukua namba yake na ya kitalu uende ofisi ya ardhi ya halmashauri siku ya kazi. Kama kina hati, omba upekuzi, yaani kuangaliwa kumbukumbu za umiliki, kwa Msajili wa Hati. Utajibiwa kwa maandishi jina la mmiliki, na kama kuna rehani au zuio. Kama hakijapimwa, rudi peke yako bila dalali, uliza majirani wa pande zote nne. Mimi nimefanya hivyo wiki hii, nimechelewa. Mwenye duka hatua chache kutoka pale aliniambia bila hata kufikiri: "Kile ni cha marehemu, watoto wana kesi ya mirathi." Miezi yote hiyo jibu lilikuwa dukani pale. Ukiambiwa eneo ni la urithi, dai barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, na uzungumze naye yeye mwenyewe. Ikiwa unanunua nyumba wanayoishi mume na mke, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza, kwa hiyo asaini naye.

Viwanja vya bei poa mabondeni na kando ya barabara kuu viogopeni pia. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Na mnakumbuka bomoabomoa ya mwaka 2017, Kimara hadi Kiluvya, ilipopanuliwa Barabara ya Morogoro. Zilianguka nyumba zenye umeme na maji ndani, watu wamekaa humo miaka.

Polisi tumeshafika, kila mmoja ana RB yake, yaani namba ya taarifa aliyoandikisha. Simu ya muuzaji haipatikani. Dalali anasema yeye alikuwa analeta wateja tu. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui, na hatuna wa kusuluhishwa naye maana amekimbia. Juzi usiku nilimpigia mdogo wangu nikamweleza yote. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza matofali nimeyaweka wapi.

Jumatatu saa tatu asubuhi tunarudi kituoni wote wanne. Kama umenunua maeneo hayo mwaka huu, na ulikaribishwa na mama wa mihogo, njoo na nakala ya mkataba wako ili tushughulikie jambo hili pamoja.