IST ya 2004 yenye mikwaruzo: miezi minane baadaye

Gari langu nimelipandisha Kibosho na Uru, milimani juu ya Moshi, miezi minane sasa, mara tatu kwa wiki, nyuma limejaa sare za shule. Ni Toyota IST ya mwaka 2004, cc 1300, namba D (usajili wa herufi D). Nililinunua Njiro, Arusha, kwa mzee mmoja mstaafu aliyeanzia milioni 9.5, tukamalizana kwa 8.6. Ndilo gari langu la kwanza. Kabla ya hapo mzigo wangu ulikuwa unapanda bodaboda, na masika ilikuwa ni kawaida sketi kufika shuleni zimelowa na mkunjo wote wa pasi umekwisha.

Siku tatu kabla ya kuliona hili nilikuwa nimeshalipenda jingine, IST hiyohiyo, kwenye yadi moja hapohapo Arusha. Lilikuwa linang'aa. Mpaka injini ilikuwa imeoshwa. Nilikwenda na fundi wangu wa Majengo, Moshi, tunamwita Mangi; nilimlipia nauli kwenda na kurudi na elfu thelathini ya kazi yake, na hiyo ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote. Mangi aliweka kiganja juu ya boneti, saa moja na nusu asubuhi, akaniambia, "Mama Doreen, hili limeshawashwa leo." Injini ikiwa na moto huwezi kujua inavyoamka ikiwa baridi, kama inagonga au inatoa moshi.

Kisha akaingia ndani, akazungusha ufunguo bila kupiga starta. Hapo taa za dashibodi zinatakiwa ziwake zote: ya oili, ya betri, ya airbagi, ya injini. Ya airbagi huzimika yenyewe baada ya sekunde chache, nyingine mpaka uwashe gari. Nikaona ya oili, ya betri, ya airbagi. Ya injini haikuwaka kabisa. Mimi nilidhani ndiyo dalili nzuri. Mangi akafunga mlango taratibu, akamwambia kijana wa pale asante, tukaondoka. Njiani ndipo aliponieleza kwamba taa isiyowaka wakati huo huenda imechomolewa au imezibwa, ili mnunuzi asijue kitu inachokilalamikia.

Sasa huyu mzee wa Njiro. Nilimpigia jioni, nikamwomba asiliwashe gari mpaka tufike, akasema, "Sawa mwanangu." Tulilikuta na boneti ya baridi, na umande juu ya kioo. Kabla hatujagusa chochote akaanza kutuonyesha ubovu wake mwenyewe. Bampa ya mbele imechubuka kona ya kushoto. Taa za mbele zimepauka. Siti ya dereva imefumuka mshono. Mlango wa nyuma wa kulia haufunguki kwa ndani. "Na ukipita kwenye matuta utasikia linagonga mbele, kulia." Akaleta na daftari la shule ambamo ameandika kila alipomwaga oili, tarehe na kilometa, kwa kalamu ya bluu.

Nakiri moyo wangu ulirudi nyuma. Kasoro tano kwa hela yote ile! Lakini tulikaa na Mangi kwenye kibaraza tukazipigia hesabu moja moja. Kugonga kule kulikuwa ni stabilaiza linki, vile vifimbo vya chini ya gari mbele. Zote mbili na ufundi, elfu sabini. Taa kusafishwa, elfu ishirini. Mlangoni Mangi alitazama kwanza loki ya watoto, ile inayozuia mlango kufunguka kwa ndani, haikuwa imefungwa, basi ni waya wa kitasa uliokatika. Kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, kulikuwa na unyevu mweusi. Aliupangusa kwa kitambaa, akaliacha gari linanguruma dakika ishirini, akapangusa tena: kitambaa kikatoka karibu kikavu. "Hii inatoka jasho, haivuji." Gasketi tu. Mfuniko wa oili haukuwa na ule utando kama maziwa, unaoweza kuonyesha maji yanaingia kwenye oili. Gia iliingia D bila kuchelewa wala kupiga teke. Injini hii ya 2NZ inatumia cheni, si mkanda wa taimingi, kwa hiyo gharama ya mkanda haikuwepo kwenye hesabu zetu. Gharama hizo za matengenezo, laki na ushee, tulimwonyesha mzee kwenye karatasi, akakubali kushuka. Deni la faini za trafiki tuliliangalia kwa namba ya gari, hakuna. La maegesho ya TARURA lilikuwepo dogo, alilipa palepale kwa simu.

Siti niliishona mwenyewe usiku uleule, uzi wa naironi, mshono mara mbili. Hadi leo haujaachia.

Kitu tulichokikosea ni tairi. Kashata, yaani meno ya tairi, zilikuwa nzuri, nikaridhika. Mwezi wa pili tu, nikiteremka Kikafu na mzigo, usukani ukaanza kutetemeka. Mangi akanionyesha ubavuni zile tarakimu nne: 2316, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira ulikuwa umezeeka umesimama, una nyufa nyembamba ukiukunja kwa kidole gumba. Tairi nne zilinigharimu zaidi ya linki, gasketi na taa vikijumlishwa. Mzee hakutudanganya, naamini naye hakuwahi kuzisoma. Wewe unayekwenda kukagua, piga magoti usome namba hizo kabla hujaanza kuhesabu mikwaruzo.

Kwa kazi yangu gari hili linanitosha. Robota za sare zinaingia nikilaza siti za nyuma, kilima cha Kibosho linapanda bila kulalamika ukiliwekea gia ya chini mapema, na lita moja inanipeleka kilometa kama 12 nikiwa na mzigo. Chini ni fupi. Mvua ikichimba barabara za ndani kule Uru naliacha kanisani, tunabeba mzigo kichwani kipande kilichobaki.

Bampa sijaigusa. Mlango wa nyuma bado nafungulia nje, na Mangi ameshanitunzia kitasa kilichotumika, elfu kumi na tano. Jumamosi napeleka. Daftari la mzee nimeliendeleza kwa kalamu ya bluu vilevile, na kurasa zimebaki nne.